PWM haipunguzi volti: kuwasha, kuzima, na chipu inayofanya kazi ikiwa usingizini

Ukiingia duka la vifaa vya sola Kariakoo ukaulizia kontrola ya chaji, muuzaji atakuwekea mbili juu ya kaunta. Moja nyepesi, bei yake ya chini, imeandikwa PWM. Nyingine nzito, mgongoni ina mapezi ya chuma, imeandikwa MPPT, na bei yake inakufanya uirudishe kaunta taratibu. Uliza tofauti, jibu linakuja haraka: "Kaka, hii ya PWM inapunguza volti tu. Hiyo nyingine ndiyo ya kisasa." Herufi hizo tatu utakutana nazo tena kwenye mabishano ya simu, kwamba kioo cha simu fulani kina PWM na ndiyo maana kinaumiza macho. Kisha fundi wa feni za betri naye atakuambia spidi inaendeshwa kwa PWM. Kitu kimoja kinawezaje kuwa teknolojia ya kizamani, adui wa macho na spidi ya feni, vyote kwa pamoja?

Kinaweza, kwa sababu PWM si kifaa. Ni mtindo wa kuwasha na kuzima.

Chukua jiko la umeme ambalo kitasa chake cha kuongeza na kupunguza moto kimeharibika, limebaki na swichi ya ukutani peke yake. Mpishi hakati tamaa. Anawasha dakika moja, anazima dakika tatu, anawasha tena dakika moja, anazima tatu. Wali unaiva kama uliopikwa kwa moto mdogo, ingawa jiko lenyewe halikuwahi kuwa na moto mdogo hata sekunde moja: lilikuwa na moto wote, au halikuwa na moto kabisa. Katika kila dakika nne umeme ulikaa umewashwa moja, yaani robo, 25%. Hiyo tuiite sehemu ya kuwaka. Zile dakika nne nzima ndizo mzunguko. Ukizielewa hizo mbili, sehemu ya kuwaka na urefu wa mzunguko, umeielewa PWM. Jina lake refu ni urekebishaji wa upana wa mapigo (kwa Kiingereza, pulse-width modulation): pigo ni ule muda wa kuwaka, na unaloongeza au kupunguza ni upana wake.

Mpishi anafanikiwa kwa sababu sufuria ina subira. Chuma na maji havipoi mara swichi inapozimwa. Jicho nalo lina subira ya aina yake; taa ikiwashwa na kuzimwa mara 1,000 kwa sekunde, jicho halihesabu, linaona mwanga uliofifia na kutulia. Mota ya feni ina uzito wa pangaboi, haisimami kwa kukatiwa umeme sehemu ndogo ya sekunde. Kila kinachoendeshwa kwa PWM kina kitu fulani ndani yake chenye subira. Kisipokuwa nacho, tutakiongezea: kapasita, au koili, vipande vinavyohifadhi umeme kidogo na kuutoa taratibu.

Kwa nini tusipunguze umeme kwa rezista, mambo yakaisha? Kwa sababu rezista inakila kile inachokizuia na kukigeuza joto. Transista inayotumika kama swichi haina tabia hiyo. Ikiwa imefunguliwa kabisa, umeme unapita karibu bila kizuizi. Ikiwa imefungwa kabisa, hakuna kinachopita. Inachemka pale inapokaa katikati, nusu wazi nusu imefungwa, na PWM haiiachi ikae hapo isipokuwa kwa nukta ya kuvuka tu.

Sasa turudi kwa muuzaji. "Inapunguza volti." Jaribio hili nimelifanya mara nyingi, na bado huwa napenda sura ya mtu anayeliona mara ya kwanza. Unachukua betri mbili ndogo za volti 1.5, jumla volti 3, unawasha taa ndogo ya LED nyekundu kwa PWM ya 25%. Taa inawaka, imefifia lakini inaonekana vizuri. Weka mita kwenye pini inayoilisha: itasoma karibu volti 0.75. LED nyekundu haiwaki kwa volti 0.75. Inahitaji kama volti 1.8 ndipo ianze kutoa mwanga wa maana. Sasa inawakaje?

Mita haijaharibika. Inakupa wastani, kwa kuwa nayo ina subira. Taa yenyewe haijawahi kuiona hiyo 0.75; ilichopata ni volti 3 kamili kwa robo ya muda na sifuri kwa robo tatu. Oskiloskopu, chombo kinachochora volti zinavyopanda na kushuka kwa muda, ingekuchorea minara ya urefu uleule, miembamba au minene. Kinachogawanywa ni muda. Volti hazijaguswa.

Na kwa sola ni vivyo hivyo. Kontrola ya PWM ni swichi kati ya paneli na betri. Betri ikiwa na njaa, swichi inakaa imewashwa na paneli inamimina moja kwa moja. Betri ya maji ya volti 12 inapokaribia kujaa, pale kwenye volti 14 na kitu, swichi inaanza kukatakata ili chaji iingie kwa vijiko badala ya ndoo. Udhaifu wake ni kwamba, kwa kuwa imeunganisha paneli na betri moja kwa moja, paneli inalazimika kushuka kwenye volti za betri. Paneli ya wati 100 inayouzwa kama ya "volti 12" kwa kawaida inatoa nguvu yake yote ikiwa kwenye kama volti 18, ampia 5.5. Ikiburutwa hadi volti 12.5, ampia zinabaki karibu zilezile 5.5, na unapata wati 69 hivi. MPPT, yaani kontrola inayoitafuta hali ambayo paneli inatoa nguvu nyingi zaidi, inaiacha paneli kwenye volti zake na kuzigeuza zile zilizozidi kuwa ampia. Lakini fungua hiyo MPPT: utakuta koili, na transista inayowashwa na kuzimwa maelfu ya mara kwa sekunde. Kwa PWM! Yaani anayekuambia uchague kati ya PWM na MPPT anakuambia uchague kati ya injini na gari.

(Ushauri wa bure, kwa kuwa tumeshafika kaunta: paneli ndogo ya volti 12 na betri ya volti 12, ile ya bei nafuu inatosha, hasa kwenye jua kali ambako paneli ikichemka volti zake hushuka na faida ya MPPT hupungua. Ila ukinunua paneli kubwa ya volti 30 na zaidi ukaifunga kwenye betri ya volti 12 kwa kontrola ya PWM, zaidi ya nusu ya uliyolipia unaiacha juu ya bati.)

Nani anabonyeza swichi?

Mpishi wetu ana tatizo: hawezi kufanya kazi nyingine. Akienda kuchota maji, wali unaungua. Chipu ndogo ya kompyuta, ile inayoitwa mikrokontrola, inaweza kuandikiwa programu ya kipishi hivyohivyo: washa, subiri, zima, subiri, rudia. Watu wengi huanzia hapo, na si dhambi. Ila chipu inabaki macho muda wote kwa kazi ya kuhesabu tu, na ikija shughuli nyingine taa inayumba.

Ndiyo maana mikrokontrola karibu zote zina taima ndani yake, sehemu ya pembeni inayojihesabia yenyewe bila kumsumbua mkuu, yaani ubongo wa chipu. Nitatumia mfano ninaoujua, MSP430G2553 ya Texas Instruments, chipu ya biti 16 iliyotengenezwa mahsusi kwa vitu vya betri. Inakubali volti 1.8 hadi 3.6. Ina kumbukumbu ya kazi ya baiti 512, ambayo haitoshi hata aya mbili za makala hii.

Taima yake iwaze kama mwanariadha anayezunguka uwanja kwa mwendo usiobadilika. Kila mpigo wa saa ya chipu, hatua moja. Uwanjani kuna mistari miwili. Wa kwanza ni mstari wa kumalizia mzunguko: akiufika, anawasha taa na kuanza upya kutoka sifuri. Wa pili uko mahali fulani katikati: akiufika, anazima taa na kuendelea kukimbia. Basi, kazi yake yote ni hiyo. Ukitaka taa iwake zaidi, sogeza mstari wa kuzimia mbele. Ukitaka ififie, urudishe nyuma. Mwanariadha haongezi mwendo wala hapunguzi.

Kwenye chipu, mstari wa kumalizia unaandikwa kwenye rejista (kisanduku cha namba ndani ya chipu) ya TACCR0, na wa kuzimia kwenye TACCR1. Tabia ya "washa mwishoni, zima katikati" ni namba 7 kati ya tabia nane ambazo taima hiyo inazijua. Programu nzima ni hii:

WDTCTL = WDTPW + WDTHOLD;
BCSCTL1 = CALBC1_1MHZ;
DCOCTL = CALDCO_1MHZ;
P1DIR |= BIT6;
P1SEL |= BIT6;
TACCR0 = 999;
TACCR1 = 250;
TACCTL1 = OUTMOD_7;
TACTL = TASSEL_2 + MC_1;
__bis_SR_register(LPM0_bits);

Mstari wa kwanza unamfunga mbwa mlinzi, taima nyingine ambayo kazi yake ni kuiwasha chipu upya ikiona programu imezubaa. Miwili inayofuata inaweka saa kwenye mapigo milioni 1 kwa sekunde. Kisha pini ya P1.6 inakabidhiwa taima. Neno P1SEL ndilo linalofanya makabidhiano, na ukilisahau utakaa jioni nzima unaitazama taa iliyozima huku kila kitu kingine kikiwa sahihi. Kisha mistari ya uwanja. Mbona 999 na si 1,000? Kwa sababu sifuri nayo ni hatua. Kutoka 0 hadi 999 ni hatua 1,000, na milioni 1 gawanya kwa 1,000 inakupa mizunguko 1,000 kwa sekunde. Mstari wa 250 ndio robo yetu.

Halafu tazama mstari wa mwisho. Unaiambia chipu: lala. Hakuna kitanzi, hakuna "rudia milele". Programu imekwisha, mkuu amelala, na taa inaendelea kuwaka kwa 25% kwa sababu mwanariadha bado anakimbia. Pini ikishakabidhiwa taima, haimhitaji tena mkuu.

Kulala, lakini si kila mtu alale

Hapa ndipo wanaoanza huchanganyikiwa, na mimi nilikuwa mmoja wao. Usingizi wa chipu una vina. Kwa mujibu wa karatasi ya vipimo ya MSP430G2553, ikiwa macho kwa mapigo milioni 1 kwa sekunde na volti 2.2, inakula kama mikroampia 230 (mikroampia ni sehemu moja ya milioni ya ampia). Usingizi mwepesi, LPM0, mikroampia 56. Usingizi mzito, LPM3, iko chini ya mikroampia 1. Nilipoona namba hizo nikajiambia, kwani nani anataka mwepesi? Nikafuta 0, nikaandika 3. Taa ikazima. Baadaye, kwenye programu nyingine iliyokuwa na shughuli kidogo kabla ya kulala, taa iliganda ikiwa imewaka kwa nguvu zote. Ingekuwa mota ya pampu, ningepata hadithi nyingine ya kusimulia.

Sababu ni ndogo tu. Mwanariadha anakimbia kwa kufuata ngoma. Saa ya haraka ya chipu ndiyo ngoma yake, na kwenye LPM3 mpiga ngoma huyo analala pia. Mwanariadha hajachoka wala hajafukuzwa. Amesimama pale alipokuwa, mguu hewani, na taa imebaki vile alivyoiacha. Ilikuwa imezima, itabaki imezima. Ilikuwa imewaka, ndiyo hivyo tena.

Dawa ni kumpa mpiga ngoma mwingine, asiyelala. Chipu hii inakubali kufungiwa kristali ndogo kama iliyomo kwenye saa ya mkononi, inayopiga mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo si ya kubahatisha: igawe kwa mbili mara 15 utabaki na 1, yaani sekunde moja kamili. Badilisha TASSEL_2 iwe TASSEL_1 ili taima ifuate kristali, weka 127 kwenye TACCR0 na 32 kwenye TACCR1 (robo ileile), na sasa LPM3 inaruhusiwa. Mizunguko ni 256 kwa sekunde, polepole kuliko mwanzo, lakini jicho bado halihesabu.

Je, inalipa? Inategemea taa, na watu wengi hawapigi hesabu hii. LED inayokula miliampia 5 ikiwashwa kwa 25% inakula wastani wa mikroampia 1,250. Ukiiweka kando ya hiyo, chipu ya mikroampia 230 ni nauli ya mtoto. Kuhangaika na usingizi mzito wakati taa inakunywa kiasi hicho ni kuziba tundu la sindano kwenye ndoo isiyo na kitako. Lakini chukua taa ya alama tu, ya kukuonyesha kifaa kipo hai, imefifishwa hadi hatua 1 kati ya 128. Sasa taa inakula karibu mikroampia 40, na mla betri mkubwa ni chipu. Kwa betri ya duara kama sarafu, ile ya CR2032 yenye kama miliampia-saa 220, chipu iliyo macho pamoja na taa zinaimaliza kwa mwezi na siku chache. Chipu iliyolala LPM3 na taa ileile, makadirio yanavuka miezi saba. Betri halisi itatoa pungufu ya hapo, lakini uwiano ndio huo, na haikugharimu kitu zaidi ya kristali.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana. Kwa ngoma ya 32,768 na mzunguko wa hatua 128, una ngazi 128 tu za mwanga. Ukitaka ngazi nyingi zaidi, refusha uwanja, lakini mizunguko itapungua na taa itaanza kupepesa. Ukitaka mizunguko mingi, fupisha uwanja, ngazi zinapungua. Ni shuka moja kwa watu wawili. Mota ndogo ikiendeshwa kwa mizunguko 1,000 kwa sekunde mara nyingi hulia kama mbu, kwa kuwa sauti hiyo iko ndani ya uwezo wa sikio; ukipandisha hadi 20,000 inanyamaza, ila kwa saa ya milioni 1 umebakiwa na ngazi 50 za spidi. Kwa feni zinatosha kabisa. (Na mota usiifunge kwenye pini ya chipu. Pini inatoa miliampia chache tu. Weka mosfeti (transista ya kubeba umeme mwingi) katikati, na dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya kurudisha umeme wa koili, la sivyo utanunua chipu nyingine.)

Jambo la mwisho kuhusu uwanja, maana halimo kwenye mifano ya mwanzo. Nilitengeneza taa ya kufifia taratibu, nikawa napunguza TACCR1 kwa hatua kubwa kubwa. Mara mojamoja ilitoa mwako mkali, kama radi ya mbali. Nikashuku waya, nikashuku betri. Kumbe nilikuwa nauhamisha mstari nyuma ya mgongo wa mwanariadha. Yuko hatua ya 200, anaelekea mstari wa 250 akazime taa. Wakati huohuo mimi nauhamishia 100. Mstari ameshaupita. Anakimbia hadi mwisho bila kukutana nao, na taa inawaka mzunguko mzima. Baadhi ya taima hupokea thamani mpya na kuisubirisha hadi mzunguko uishe. Hii yetu, inayoitwa Timer_A, haifanyi hivyo, thamani mpya inashika palepale. Inabidi usubiri akanyage mstari wa kumalizia, chipu iamke kwa taarifa hiyo, uhamishe mstari akiwa ndiyo kwanza anaanza, kisha ulale tena.

Na macho, je? Mwanga wa PWM hauna sumu. Kinachowasumbua baadhi ya watu ni kupepesa kwa mizunguko michache, hasa kioo kikififishwa usiku na mapigo yakawa membamba sana huku giza kati yao likiwa refu. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuza simu si kama ina PWM, ni mizunguko mingapi kwa sekunde. Kuna watu wanaoona mara 256 kama kimulimuli pembeni ya jicho, na wengine hawaoni chochote.

Ukitaka kuiona mwenyewe, huhitaji oskiloskopu. Fungua kamera ya simu, ielekeze karibu kabisa na taa unayoshuku. Kamera nyingi za simu husoma picha mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo mistari iliyosomwa taa ikiwa imezima hutoka myeusi. Utaona milia ikitambaa kwenye kioo. Badilisha TACCR1 kutoka 64 hadi 16 uitazame tena: milia myeupe itakonda, myeusi itanenepa, na idadi yake itabaki ileile.